Kombe na mwani katika tangi la maji ya bahari: ni nani hasa anayeyasafisha maji?

Mwanapwani wa Tegeta (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Swali linalorudi kila mara miongoni mwetu tunaofuga samaki wa bahari majumbani ni hili: je, mtu akiweka kombe kumi au ishirini ndani ya tangi, anaweza kuachana na vichujio vya dukani? Nimefuga samaki wa bahari hapa Tegeta kwa miaka sita, jambo hilo nimelijaribu kwa mikono yangu, na nilipoteza samaki kwa sababu nilikuwa nimelielewa nusu. Naomba nilieleze kwa kirefu, kwa kuwa wengi wetu tunaishi karibu na bahari, kombe wanapatikana kwa bei ndogo, na ni rahisi sana mtu kurudia kosa langu.

Jibu langu ni kwamba kombe peke yake hayasafishi maji. Anayaondolea ukungu, na hilo ni jambo tofauti kabisa.

Tangi langu ni la lita 400 hivi, lenye kitatange, kangaja na samaki wengine wadogo. Wakati huo nilikuwa na pampu, mchanga na mawe tu. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi na kipimo cha nitrati, taka iliyoyeyuka inayotokana na chakula na kinyesi cha samaki, kilikuwa kimefika miligramu 40 kwa lita. Nikanunua kombe 14 kwa akina mama wanaochokoa maji yanapokupwa, wale wenye gamba nene la mistari ambao ukiwafungua hutoa damu nyekundu kabisa, nikawafukia mchangani. Baada ya siku nne maji yaling'aa kiasi kwamba niliweza kusimama upande mmoja wa tangi na kusoma gazeti lililobandikwa upande wa pili. Nilifurahi sana. Nilipopima nitrati baada ya wiki mbili nikakuta ni 40 ile ile, na bado nikaamini kipimo ndicho chenye hitilafu.

Mwezi wa tatu tangu niwaweke, nilirudi kutoka kazini nikakuta samaki wamepanda juu wanahema kwa kasi, kangaja amelala ubavu karibu na bomba la kutolea maji, na chumba kizima kina harufu ya yai viza. Amonia ilikuwa imepita miligramu 1 kwa lita. Nilipochimba mchanga nikakuta kombe watano wamekufa, magamba yako wazi, na mchanga uliowazunguka umekuwa mweusi kama masizi. Hawakufa siku hiyo. Walikuwa wamekufa mmoja mmoja kwa njaa, kwa sababu maji waliyoyafanya yang'ae hayakuwa tena na chakula chao, na kwa kuwa walikuwa chini ya mchanga sikuwaona. Usiku ule kangaja alikufa, na asubuhi kitatange akamfuata.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa makini. Kombe huvuta maji, hunasa chembechembe kwenye matamvua yake, hula zinazofaa, na zisizofaa huzifunga kwa ute na kuzidondosha mchangani. Uwezo wake wa kuvuta maji ni mkubwa kweli: chaza mmoja mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani hukadiriwa kuchuja hadi lita 190 kwa siku, hali ikiwa nzuri. Lakini kilichoyeyuka ndani ya maji, yaani amonia, nitriti, nitrati na fosfati, hawezi kukinasa. Zaidi ya hapo, yeye mwenyewe ni mnyama. Anakula protini, na sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo anaitoa kama amonia, sawasawa na samaki. Kumwongeza kombe ni kuongeza mdomo mmoja wa kulisha.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu mimi hesabu ndiyo iliyonishawishi kuliko maneno. Tuseme unalisha gramu 5 za chakula kikavu kwa siku, chenye protini asilimia 45. Hiyo ni gramu 2.25 za protini, na protini ina naitrojeni asilimia 16 hivi, kwa hiyo umeingiza gramu 0.36 za naitrojeni. Kama yote ingeishia kuwa nitrati, ingekuwa gramu 1.6, yaani miligramu 4 kwa kila lita ya tangi langu kila siku. Samaki hubakiza sehemu mwilini wakikua, hivyo haifiki yote, ila mnaona mwelekeo. Sasa chukua tangi lenye nitrati 20 ubadilishe maji lita 40, kazi ya madumu mawili ya lita 20 yaliyobebwa kutoka ufukweni: umetoa gramu 0.8 tu. Bakteria wa mawe na mchanga wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na wanatuokolea samaki kwa kufanya hivyo, lakini naitrojeni yenyewe inabaki humo humo isipokuwa pale kwenye mchanga mzito usiopata oksijeni, ambako bakteria wengine huirudisha kuwa gesi ikatoka.

Mwani ndio unaoivuta naitrojeni kutoka majini na kuifanya mwili wake, kisha wewe unaushika kwa mkono na kuutoa nje. Ukivuna gramu 300 za mwani uliokamuliwa, ukichukulia kwamba sehemu moja ya kumi ndiyo kavu na kwamba asilimia 3 ya hiyo ni naitrojeni, umetoa gramu 0.9 za naitrojeni. Hizo ni sawa na gramu 4 za nitrati, au mabadiliko matano ya maji ya lita 40. Ni makadirio, lakini hayako mbali na ninayoyaona nyumbani.

Kwa hiyo nilitengeneza refujiamu. Neno ni geni ila kitu chenyewe ni chepesi: tangi dogo la pembeni au la chini, ambalo maji ya tangi kubwa hupita polepole, ambamo mwani hukua bila kuliwa na samaki. Langu ni la lita 60, fundi wa vioo alinikatia la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, nalo limekaa kwenye kabati chini ya tangi kubwa. Ndani kuna mwani wa nyuzi, ule unaofanana na stilwaya ya kusugulia sufuria, ambao wataalamu huuita Chaetomorpha. Juu yake kuna balbu ya LED nyeupe ya wati 20 ya kawaida. Ninaiwasha saa moja usiku, taa ya tangi kubwa inapozimwa, na kuizima asubuhi. Kisa cha kuwasha usiku ni kwamba mawe na samaki huendelea kuvuta pumzi gizani, kaboni dioksidi hujikusanya na pH hushuka, yaani maji huwa na uasidi zaidi. Mwani ukiwa na mwanga saa hizo unaila ile kaboni dioksidi, na pH haitikisiki sana.

Katika miezi minne nitrati zilitoka 40 hadi kati ya 5 na 10, na hapo ndipo zilipokaa. Kombe niliwarudisha baadaye, wanne tu, na safari hii wanakaa kwenye trei ya mchanga ndani ya refujiamu, mahali ninapoweza kuwagusa mmoja mmoja kila Jumamosi. Kombe aliye hai hufunga gamba mara moja ukimgusa. Anayechelewa ninamtoa siku hiyo hiyo.

Wazo lenyewe si la juzi. Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika mwaka 1961 kuhusu matangi yake yaliyotegemea mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wengine), hewa na mwanga badala ya vichujio, na baadaye mtafiti Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian kule Marekani akajenga mifumo mizima ya miamba iliyosafishwa kwa mwani unaovunwa. Hapa kwetu, Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, pamoja na mtafiti mwenzake Amir Neori, walichapisha mwaka 2002 kazi yao juu ya aina mbili za mwani, Ulva reticulata na Gracilaria crassa, kama vichujio vya maji yatokayo kwenye mabwawa ya samaki yanayojazwa na maji kujaa na kupwa. Huo ni mwani wa pwani hii hii, na kila nikiisoma kazi hiyo najiuliza kwa nini sisi wa matangi tunakimbilia kuagiza vitu ng'ambo.

Karibuni kwa maswali na kwa kunisahihisha.

Mama Nuru

Asante sana kaka kwa maelezo, na pole kwa samaki wako. Ninaomba kutofautiana nawe kidogo. Mimi niko Mbezi Beach, nina tangi la lita 120, samaki watatu wadogo na kombe sita, bila mwani wowote, na huu ni mwaka wa pili. Maji ni mazuri na kombe wawili wameongezeka ukubwa kwa macho. Je, huoni kwamba tatizo lako lilikuwa ni wingi wa samaki na wala si kombe?

Mwanapwani wa Tegeta

Dada, uko sahihi kwa tangi lako, na nakubali kwamba sikueleza upande huo. Naomba nikuulize mambo mawili: unabadilisha maji mara ngapi, na maji hayo unayatoa wapi?

Mama Nuru

Kila Jumapili lita 30, mume wangu huyaleta kutoka ufukweni. Tunayachuja kwa kitambaa tu.

Mwanapwani wa Tegeta

Basi hapo ndipo siri ilipo, dada. Unabadilisha robo ya tangi kila wiki, na samaki ni watatu. Zaidi ya yote, maji ya ufukweni uliyoyachuja kwa kitambaa yanapita na viumbe vidogo vya kijani visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula halisi cha kombe. Kombe wako wanakula kila Jumapili. Wangu walikuwa kwenye maji yaliyokaa kwenye pipa gizani wiki tatu, ambamo vile viumbe vilikuwa vimekufa vyote. Kwa tangi dogo lenye mtu wa kuleta maji mapya kila wiki, njia yako ni nzuri na sioni sababu ya kuibadilisha. Ila siku mtakaposafiri mwezi mzima, naomba uwatoe kombe kabla ya kuondoka.

Na kuhusu maji ya ufukweni, kwa wote wanaosoma: chagueni siku na saa. Mimi huchota wakati wa bamvua, maji yanapokaribia kujaa kabisa, kwa sababu hapo maji ya bahari kuu yamesukumwa hadi pwani. Maji mafu ni mabaya kwa kazi hii, na maji yanapokupwa ni mabaya zaidi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mimi sichoti kabisa karibu na midomo ya mito. Mto Msimbazi unamwaga maji ya nusu ya jiji karibu na Daraja la Salenda, na mvua kubwa ikinyesha unaona rangi ya udongo imeingia mbali baharini. Chumvi hushuka, na kinachokuja pamoja na udongo huo hakuna kipimo cha nyumbani kitakachokuonyesha. Maji ya bahari yaliyo safi yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kilo, au uzito linganifu (uzito wake ukilinganishwa na wa maji yasiyo na chumvi) wa 1.025 hadi 1.026. Ukipima ukakuta 1.020, mwaga.

Fundi wa Kinondoni

Mkuu, nina maswali matatu. Kwanza, mwani huo wa nyuzi naupata wapi? Pili, nilikuwa na mwani mwingine wenye majani kama zabibu ndogo ndogo, ulikua vizuri sana, kisha asubuhi moja nikaukuta mweupe wote na tangi limekuwa kama maziwa. Tatu, umeme ukikatika refujiamu haifuriki?

Mwanapwani wa Tegeta

Mkuu, nianze na la tatu kwa sababu ndilo litakaloharibu sakafu yako. Tangi la chini likiwa limejaa, pampu ikisimama maji ya tangi la juu yataendelea kushuka kupitia bomba la kurudishia mpaka hewa iingie. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo sentimita mbili tu chini ya usawa wa maji ya juu, kisha zima pampu kwa makusudi uone maji yanashuka kiasi gani, na uache nafasi hiyo chini siku zote. Fanya jaribio hilo mchana ukiwa nyumbani. Tundu hilo pia huzibwa na konokono na mwani, kwa hiyo lisafishe kila mwezi. Umeme ukikatika usiku, kumbuka kwamba mwani nao gizani hutumia oksijeni, hivyo pampu ndogo ya hewa ya betri ni kitu cha lazima katika jiji hili.

La pili: huo ulikuwa Caulerpa. Unakua kwa kasi na unavuta nitrati vizuri, lakini una tabia ya kuzaa kwa pamoja. Mwili wote hugeuka kuwa mbegu za uzazi, zinaachiwa majini kwa saa chache, na kinachobaki ni ngozi nyeupe tupu. Kila ulichokuwa umekihifadhi ndani yake kinarudi majini usiku mmoja. Wengine huuwashia taa saa 24 ili kuuzuia, na kuupunguza mara kwa mara husaidia. Mimi niliamua kutoutumia. Mwani wa nyuzi hauna kawaida hiyo katika matangi.

Na la kwanza: mwani wa nyuzi hukutwa ukiwa umejiviringisha kwenye nyasi za baharini na kwenye kamba za mashamba ya mwani, ambako wakulima huuona ni adha na huung'oa. Konzi moja inatosha kuanzia. Ioshe kwenye ndoo ya maji ya bahari huku ukiitikisa, uangalie kaa wadogo na minyoo kabla hujaiingiza.

Kijana wa Kigamboni

Mkuu, umeongelea kombe wa mchangani tu. Vipi wale kombe wakubwa wa kwenye matumbawe, wenye midomo ya bluu na kijani? Nimesikia wao husafisha hadi nitrati. Kuna rafiki ameniambia anaweza kuniletea kutoka visiwani.

Mwanapwani wa Tegeta

Ulichosikia ni kweli, mdogo wangu. Wale ni Tridacna, na pwani yetu ina aina mbili zinazojulikana zaidi, maxima na squamosa. Ile rangi ya mdomo ni nyama iliyojaa vijimea vidogo vinavyoishi ndani ya ngozi yake. Vijimea hivyo hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kumlisha, na ili vikue vinahitaji naitrojeni, hivyo kombe huyo huvuta amonia na nitrati kutoka majini moja kwa moja. Kati ya kombe wote, yeye ndiye anayefanya kazi inayofanana na ya mwani.

Hata hivyo nakuomba kwa dhati usiletewe. Tridacna wote wako katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kama visiwa anavyovisema ni Bongoyo, Mbudya, Pangavini au Fungu Yasini, hayo ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na kuchukua kiumbe humo ni kosa. Kombe huyo hukua polepole, na maxima hujichimbia ndani ya mwamba na kujifunga kwa nyuzi zake. Anayemng'oa kwa kisu kwa kawaida humchana sehemu ya chini, na mnyama hufa baada ya wiki moja au mbili, akiwa kwako. Nimewahi kuletewa mmoja wa namna hiyo mlangoni, akiwa ndani ya mfuko wa rambo, mdomo umepauka, na nilikataa kumpokea ingawa nilijua hatarudishwa baharini. Sijasahau. Hata ukimpata kihalali kutoka kwa wazalishaji, anahitaji mwanga mkali na kalisi ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita isiyopungua, kwa sababu anajenga gamba kila siku. Tangi jipya halimfai.

Mawe nayo ni hivyo hivyo. Msivunje matumbawe. Mawe ya matumbawe ya kale yanachimbwa nchi kavu kwa ajili ya ujenzi, yana matundu mengi, na yakioshwa vizuri na kulowekwa miezi miwili yanapata bakteria wa kutosha.

Fundi wa Kinondoni

Asante mkuu. Refujiamu nimeijenga, mwani nimepata, ila wiki ya sita umeacha kukua. Nitrati ni sifuri, fosfati bado iko juu. Nifanye nini?

Mwanapwani wa Tegeta

Mwani wako una njaa, mkuu. Mwanasayansi wa bahari Alfred Redfield alionyesha kwamba viumbe wadogo wanaoelea baharini hubeba atomi 16 za naitrojeni kwa kila moja ya fosforasi. Kwa mwani mkubwa uwiano ni karibu 30 kwa 1. Naitrojeni ikiisha, fosfati haiguswi tena hata iwe nyingi kiasi gani. Usiongeze taa. Lisha samaki zaidi kidogo kwa wiki mbili, punguza saa za mwanga kutoka kumi na mbili hadi nane, na uchunguze kama mawe yako yanatoa fosfati, jambo linalotokea sana kwa mawe ambayo hayakulowekwa muda wa kutosha.

Hapa ndipo kombe wachache wanapokuwa na faida ambayo sikuieleza vizuri mwanzoni. Mwani hupendelea amonia kuliko nitrati, kwa sababu hautumii nguvu nyingi kuigeuza. Kombe akikaa ndani ya refujiamu, amonia anayoitoa inachukuliwa na mwani ulio sentimita chache juu yake kabla haijafika kwa samaki, na maji anayoyaondolea ukungu yanaupitishia mwani mwanga zaidi. Wachina katika ghuba ya Sanggou hufuga chaza na mwani pamoja kwa kufuata mantiki hiyo hiyo, kwa ukubwa wa bahari.

Mama Nuru

Kaka, umenishawishi, nitajaribu tangi dogo la mwani pembeni. Swali moja la mwisho: joto. Mwezi wa pili maji yangu yalifika nyuzi 31.

Mwanapwani wa Tegeta

Dada, elekeza feni ndogo juu ya maji ya refujiamu. Maji yakifuka yanaondoka na joto, na kwangu yanashuka nyuzi mbili hadi tatu. Utapoteza lita kadhaa kwa siku, na kwa kuwa chumvi haifuki, unafidia kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Tumia yaliyosafishwa yanayouzwa kwa madumu. Ya kisima hapa Dar mara nyingi yana chumvi zake, ya bomba yana klorini, na ya mvua yaliyopita juu ya bati jipya hubeba zinki, ambayo kombe hawaivumilii.

Mwani usiununue. Ninavuna Jumamosi hii, na badala ya kuutupa nitaubeba hadi ufukwe wa Kunduchi, nitakapokuwa nachota maji ya bamvua asubuhi. Mwenye kuhitaji aje na ndoo yenye mfuniko na maji ya tangi lake kiasi cha kufunika konzi mbili.